Kubadilisha kadi ya autoputi S7-300, naweza kuichomoa mashine ikiwa inatembea?

mtuwamita (Morogoro)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kimoja cha maji ya chupa, nina mwaka na kitu tu kazini kwahiyo msinicheke. Tuna laini ya kujaza na kufunga vizibo, mwishoni kuna kisukumio kinachopanga chupa kwa silinda za upepo, vyote vinaendeshwa na PLC (kompyuta ya kuendesha mashine) ya Siemens S7-300, ubongo wake ni CPU 314, ya siku nyingi. Tangu juzi autoputi mbili (njia za PLC kupeleka umeme kwenye valvu) zimegoma, Q4.4 na Q4.5, kadi yenyewe iko sloti ya 5. Ajabu ni kwamba taa za kijani za hizo autoputi zinawaka kabisa kwenye kadi lakini solenoidi (koili za valvu za hewa) hazishtuki. Nikichukua volti 24 pembeni nikagusisha kwenye koili, valvu inapiga tap, nzima kabisa. Kwahiyo nimehitimisha kadi ndo imekufa.

Sasa fundi mkuu yuko likizo na simu yake haipatikani, na meneja wa uzalishaji ananiambia chomoa hiyo weka nyingine dakika tano tu, mashine isizimwe maana kuiwasha upya ni karibu nusu saa ya kusuuza na kujaza tenki. Stoo wamenipa kadi mpya iko kwenye boksi lake. Swali langu ni moja, naweza kuichomoa na kuchomeka mpya PLC ikiwa RUN (inaendesha programu)? Naogopa kuiunguza hiyo mpya, ndo hiyo hiyo moja iliyopo. Na je nikishaweka kuna kuprogramu tena au inajijua yenyewe? Kesho asubuhi saa 1 ndo naingia kazini, naombeni majibu.

paneli_moja

Mbona rahisi mkuu. Mi nishachomeka hivyo mara nyingi tu ikiwa hai na haijawahi kutokea kitu. Toa soketi ya mbele kwanza, alafu legeza skrubu, toa kadi, weka mpya, rudisha soketi. Kuprogramu hakuna. Dakika tano zenyewe nyingi.

babafundi_msa (Mombasa)

Mwanangu mtuwamita, kabla hujashika bisibisi hakikisha kwanza kama ni kadi kweli. Nimeona watu wakibadilisha kadi mbili tatu kumbe ni fyuzi ya L+ (chanya ya volti 24) imekatika. Ile taa ya kijani inakwambia CPU imeamuru, haikwambii kwamba umeme umetoka mlangoni ukaenda kwa koili. Hayo ni mambo mawili.

Chukua mita yako weka DC. Hapa nasemea kadi ya autoputi 16 za transista (swichi ya kielektroniki), ile namba yake ina 1BH01, kama yako ni nyingine fungua kimlango cha mbele utaona mchoro wa teminali kwa ndani, fuata huo. Ncha nyeusi iweke teminali ya 10, hiyo ndiyo M (hasi) ya kundi la kwanza. Ncha nyekundu teminali ya 1, hiyo L+, hapo usome 24 au karibu yake. Sasa wakati taa ya Q4.4 inawaka peleka nyekundu teminali ya 6, ya Q4.5 ni teminali ya 7. Ukikuta L+ ipo na taa inawaka na 6 haina kitu, basi kweli transista imekwenda. Ukikuta 6 ina 24, kadi yako ni nzima na waya wako umekatika huko njiani, pengine kwenye ule mnyororo wa kebo au kwenye plagi ya solenoidi. Zingatia pia M, ukigusisha 24 pembeni na M pembeni umeruka waya wa kurudi, kwahiyo jaribio lako la juzi halijathibitisha chochote kuhusu huo waya.

Dalili moja iko upande wako, zimekufa mbili tu. Ingekuwa L+ ya kundi haipo zingekufa zote nane pamoja.

Na huyu ndugu wa dakika tano, sitabishana naye kwamba amefanya, nasema alikuwa na bahati. S7-300 kwenye reli ya kawaida haikutengenezwa kwa kuchomoa ikiwa hai. Basi ya nyuma (njia ya mawasiliano ya kadi na CPU) inapita kadi kwa kadi kwa vile vikonekta vyenye umbo la U, ukitoa ya katikati umekata barabara, zote zilizo kulia kwake zinapotea, na CPU inaweza kuingia STOP pale pale huku mashine iko katikati ya mzunguko. Inayokubali ni ile ET 200M (kituo cha kadi kinachokaa mbali na CPU) ikiwa imefungwa kwenye reli yenye moduli za basi hai, hiyo ni reli nyingine kabisa na ungeijua kwa macho. Tuandikie namba ya kadi ya zamani na ya mpya, zote mbili, herufi kwa herufi.

dada_otomesheni (Dar)

Naongezea kwa mzee hapo. Mdogo wangu, umeuliza kama kadi mpya itaungua. Hilo ni swali la stoo. Swali la kwanza lingekuwa hivi, Q4.4 na Q4.5 zikipata umeme ghafla kesho asubuhi, nini kitasogea na nani amesimama mbele yake?

Kadi ya autoputi sio kama ya inputi. Inputi ukikosea PLC inapata taarifa mbaya, autoputi ukikosea kuna chuma kinatembea. Na sio tu ukiwasha, hata kuzima ni mwendo! Watu wengi hawalifikirii hili. Ukigeuza swichi ya CPU kwenda STOP kadi za aina hiyo zinashusha autoputi zote kuwa sifuri, sasa kama valvu yako ni ya springi, ikikosa umeme springi inairudisha na silinda inarudi nyuma (au inatoka mbele, inategemea mipira ya hewa imefungwaje) kwa nguvu yote ya baa 6. Kama ni valvu ya koili mbili isiyo na springi inabaki ilipokuwa. Kwahiyo lazima ujue zako ni zipi kabla ya kugusa chochote, nenda kaangalie valvu yenyewe, ule mchoro mdogo ubavuni unaonyesha kama kuna springi.

Nikupe kisa. Miaka ya mwanzo nilikuwa kiwanda fulani, mashine ya kufunga katoni. Kadi ya autoputi iliharibika shifti ya usiku tukaibadilisha, tulizima breka ya paneli vizuri tu, lakini hewa hatukuifunga, tuliona mbona umeme umezimwa. Wakati sisi tuko kwenye paneli kibarua mmoja akaona muda ndo huu wa kutoa katoni lililokwama mbele ya kisukumio. Hatukumuona, paneli iko nyuma ya mashine. Tukafunga kadi, tukawasha. CPU ikaamka, na mashine ikaendelea pale ilipoishia! Biti ya "mashine iko oto" ilikuwa imewekwa kwenye kumbukumbu ya PLC, M10.0, na kwenye S7-300 usipobadilisha kitu baiti za kumbukumbu MB0 mpaka MB15 zinakumbuka hata umeme ukikatika. Hakuna aliyebonyeza stati. Kisukumio kikatoka. Alivunjika vidole viwili. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "nimezima umeme inatosha" nasikia ile sauti ya hewa.

Kwahiyo hewa ifungwe, itolewe yote mpaka geji isome sifuri, na kufuli liwekwe kwenye hiyo valvu ya hewa na kwenye swichi kuu, ufunguo mfukoni kwako. Na kama kuna kitu kimening'inia, lifti ya chupa, kichwa cha kufungia vizibo, usitoe hewa kabla hujakiwekea gogo au pini maana hewa ndo ilikuwa inakishikilia.

paneli_moja

Sawa dada nimekuelewa, mi zangu zilikuwa taa na pampu tu hakuna silinda. Ila kwa uhalisia viwandani kwetu ukimwambia bosi nazima hewa anakuuliza umesomea wapi.

dada_otomesheni (Dar)

Mwambie asaini yeye kwenye kitabu cha shifti kwamba ameagiza ifanyike bila kuzima. Andika sentensi mpe kalamu. Sijaona bado aliyesaini.

mtuwamita (Morogoro)

Shikamoo mzee wangu babafundi, na dada asante sana, hilo la hewa sikuwa nimeliwaza kabisa, nilikuwa nawaza kadi tu.

Nimempigia jamaa wa shifti ya usiku akapime kama mzee alivyoelekeza. Teminali 1 na 10 ni 24.1. Teminali 6 taa ikiwaka inasoma 0.3, na 7 inasoma 1.8 hivi, inachezacheza. Nyingine za jirani zinasoma 23.9. Kwahiyo kadi ndo yenyewe.

Namba sasa. Ya zamani ni 6ES7 322-1BH01-0AA0. Hii mpya niliyopewa ni 6ES7 322-1HH01-0AA0. Zote zimeandikwa SM 322, zote za autoputi 16, ukubwa mmoja, soketi ya pini 20. Nikadhani hiyo H ni toleo jipya zaidi?

babafundi_msa (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Ndiyo maana nikakuomba herufi kwa herufi. Hiyo si toleo jipya, hiyo ni kadi nyingine. BH ni transista ya volti 24 DC nusu ampea. HH ni ya rilei. Teminali zake hazipangwi sawa, zile rilei za ndani zinataka 24 yao wenyewe na kontakti zina komoni yake, huwezi kuhamisha soketi yenye waya kutoka kadi moja ukaichomeka kwenye nyingine ukategemea mema. Na kwenye programu sloti ya 5 imeandikwa BH, kwahiyo hata hapo ungepata shughuli.

Alafu hata ungefunga waya upya, mashine yako inajaza chupa. Fanya hesabu, solenoidi inayopiga mara moja kila sekunde 3 ni mara 1,200 kwa saa, mara 28,800 kwa siku ya saa 24. Siku 35 umefika milioni moja. Transista haina habari na hizo namba, lakini rilei ni chuma kinagonga chuma, maisha yake yanahesabiwa kwa mapigo, na mzigo wenye koili unayafupisha zaidi. Ungekuwa unarudi hapa kila baada ya miezi. Rilei ni nzuri kwa vitu vya kuwaka na kuzimwa mara chache, au pale unapotaka kuendesha 230 moja kwa moja.

Rudi stoo, ingia mwenyewe, usimtume mtu. Kadi hizo huwa zinakaa pamoja kwenye shelfu moja na maboksi yake yanafanana. S7-300 ilishatolewa kwenye mauzo ya kawaida tangu Oktoba 2023 imebaki spea, kwahiyo ukikuta BH mbili usiseme kwa sauti.

athi_kontrols (Athi River)

Naingilia kidogo kwa faida ya wengine wenye mitambo tofauti. Huku kwetu tuko na PLC za Allen-Bradley nyingi. ControlLogix, ile ya 1756, hukubali kutolewa na kuwekwa kadi ikiwa na pawa, lakini hiyo ni kadi na reli yake tu, haimaanishi waya za nje zinazokwenda kwenye mashine hazina moto. Soketi ya mbele ukiitoa ikiwa na mzigo inaweza kutoa cheche, na kama ni mahali pa gesi au vumbi linaloweza kushika moto hairuhusiwi hata kidogo, na wenye vinu vya unga mjue vumbi la unga hulipuka. CompactLogix ya 1769, ndugu yake mdogo, hiyo usijaribu, zima kwanza. Watu huona jina linafanana wakadhani tabia ni moja.

Kitu cha pili. Kadi ya ControlLogix unachagua kwenye programu kwamba CPU ikitoka RUN autoputi ifanye nini, izime au ibaki ilivyokuwa. Nimekuta mashine imewekwa "ibaki", mtu anaenda STOP akidhani kila kitu kimelala, kumbe pampu bado inavuta. Usiamini STOP, amini mita.

Na ya tatu angalia waya za rangi ya chungwa kwenye paneli. Kama aliyejenga paneli alifuata kiwango cha IEC 60204-1, chungwa maana yake huo waya unapata umeme kutoka mahali pengine, swichi kuu ya paneli hii haiuzimi. Mara nyingi ni intaloki (waya wa kuzuiana) na mashine ya jirani. Umezima breka kubwa, taa zote zimelala, unaingiza vidole, kumbe 230 ya konveya ya jirani iko pale pale. Nilipigwa hivyo mara moja, mkono wa kushoto, kiwiko kikagonga mlango wa paneli mpaka leo kuna alama.

mtuwamita (Morogoro)

Jamani nimerudi. Nimeingia stoo mwenyewe kweli nimekuta BH01 moja, ilikuwa nyuma ya maboksi ya vipuri vya pampu, boksi limechakaa ila kadi yenyewe iko kwenye mfuko wake wa fedha haijafunguliwa. Meneja nimemwambia naomba saa moja na nusu kesho kati ya shifti, na nikampa kile kitabu asaini kama anataka bila kuzima. Akaniangalia akasema "chukua saa mbili". Dada nimecheka peke yangu.

Naombeni hatua zenyewe sasa. Na swali lingine, kwanini ilikufa? Isije nikaweka na hii nayo ikafa. Kuna kitu nimekumbuka, mwezi uliopita valvu za hizo mbili zilibadilishwa, zile ndogo zilikosekana wakaweka kubwa kidogo zilizokuwepo, kwenye koili imeandikwa 24V DC 18W. Zile zingine zote ni 4.8W.

dada_otomesheni (Dar)

Umejijibu. 4.8 gawanya kwa 24 ni ampea 0.2, raha mustarehe. 18 gawanya kwa 24 ni 0.75, na kila autoputi ya hiyo kadi imepewa 0.5. Kinachoumiza zaidi ni kwamba ulinzi wake wa shoti unaamka karibu na ampea 1, kwahiyo 0.75 inakaa pale katikati, juu ya uwezo wake lakini chini ya kiwango cha kuamsha ulinzi, kadi inapika taratibu mwezi mzima na hakuna anayelalamika. Ingekuwa shoti kabisa ingejizima na pengine ingepona.

Usifunge kadi mpya kwenye koili hizo hizo. Ama rudisha valvu za 4.8W, ama weka rilei nyembamba za 24 za kwenye reli, moja kwa kila autoputi, kadi inaendesha rilei na rilei inaendesha koili kubwa kwa 24 inayotoka kwenye fyuzi yake. Ukiweka rilei kumbuka ile hesabu ya mzee ya mapigo, zichukue za soketi uweze kuzibadilisha bila kugusa waya, au tafuta zile za transista kama unazipata. Na kila koili kubwa iwekewe dayodi (inapitisha umeme upande mmoja tu), 1N4007 inatosha, mstari wake upande wa chanya. Ukiigeuza ni shoti, pima kwanza. Plagi za solenoidi zenye dayodi na taa ndogo ndani yake zipo pia, ni rahisi zaidi na hazina makosa.

paneli_moja

Hiyo 0.75 imenifundisha kitu, kuna taa zangu za mnara sijawahi kuangalia wati zake. Kesho naanza na hizo.

babafundi_msa (Mombasa)

Haya mwanangu, nitakueleza kama ningekuwa nimesimama nyuma yako. Sitaandika namba moja mbili tatu maana mashine yako siijui, wewe ndiye unayeijua.

Leo usiku kama kuna laptopu yenye programu chukua bakapu, na uangalie kama kuna autoputi zilizofosiwa (zilizolazimishwa kuwaka au kuzima kwenye programu), mtu akisahau fosi umefunga kadi mpya inaamka na amri ya mtu aliyeondoka mwaka jana. Kama laptopu hamna, angalau usiguse ile MMC (kadi ya kumbukumbu) ya CPU. Programu imo humo na kuichomoa umeme ukiwepo unaweza kuiharibu. Kwa kadi ya namba ile ile sloti ile ile hakuna cha kupakia, CPU inaikuta pale pale.

Asubuhi simamisha mashine kwa njia yake ya kawaida, imalize mzunguko, silinda zote zirudi nyumbani. Usianze na STOP ya CPU wala na emajensi. Ikishatulia weka swichi ya oto kwenye manyuo (kuendesha kwa mkono). Hapo ndiyo CPU STOP, kisha hewa ifungwe na itolewe, gogo pale panapohitajika, kisha swichi kuu na kufuli. Waambie watu wa laini kwa mdomo, tagi peke yake haisomwi. Kama ndani ya paneli hiyo mna invata za mota, zina kapasita, lebo yake inasema usubiri dakika ngapi, subiri hizo. Alafu pima. Na mita yenyewe ipime kwanza kwenye umeme unaoujua upo, pima paneli, kisha irudishe tena kwenye ule unaoujua. Mita yenye betri iliyokufa nayo husoma sifuri.

Piga picha. Soketi, lebo, kadi za kushoto na kulia. Vaa mkanda wa ethi mkononi, kama huna gusa chuma cha paneli kilichofungwa ethi kabla ya kutoa kadi kwenye mfuko wake, na uishike kwa ubavu. Umeme wa nguo zako unaweza kuua kadi na wewe usihisi kitu.

Fungua kimlango, kwenye soketi ya pini 20 kuna kitufe cha juu unakibonya huku unaivuta kuja kwako. Inatoka na waya zote, hulegezi hata mmoja. Legeza skrubu ya chini ya kadi, inyanyue kwa chini kama unafungua dirisha la kuinua, itatoka juu kwenye reli. Angalia vile vikonekta vya U mgongoni, kimoja kinaweza kutoka na kadi, kirudishe sawasawa, pini zake zisipinde.

Sasa hapa ndipo vijana wengi hukwama. Kadi mpya ina kiplastiki kidogo cha kodi pale soketi inapoingia. Kile kiplastiki kina nusu mbili, na soketi yako ya zamani tayari inayo nusu yake, iliichukua siku ya kwanza ilipochomekwa. Kwahiyo kwenye kadi mpya lazima uvunje ile nusu ya mbele uitoe, la sivyo soketi itagoma kuingia. Angalia kwa makini unavunja ipi, nusu ya nyuma inabaki kwenye kadi. Kiplastiki hicho kipo ili soketi ya kadi ya aina nyingine isiingie kwa bahati mbaya, kwahiyo ikigoma baada ya hapo usisukume kwa kiganja, toa usome namba tena.

Ining'inize juu ya reli, ishushe, kaza skrubu kwa mkono tu, kitabu kinataja nyutoni mita 0.8 hadi 1.1, si kwa hasira. Soketi mpaka kitufe kirudi juu. Lebo yake uihamishe.

Kuwasha sasa. Umeme bila hewa! Hewa bado ina kufuli. CPU RUN, angalia taa nyekundu ya SF (ya hitilafu) isiwake, angalia taa za kijani zinazowaka na ujiulize kila moja kwanini inawaka. Kama mashine iko manyuo na Q4.4 inawaka yenyewe, simama hapo hapo. Zikiwa sawa, mtu mmoja kwenye mashine mmoja kwenye paneli, mnaonana kwa macho, bonyeza Q4.4 kwa manyuo usikie koili inapiga, mita teminali 6. Kisha 7. Mwisho kabisa hewa, ifunguliwe polepole, silinda huwa zinatikisika kidogo zikipata hewa mara ya kwanza.

Na ujaribu vitufe vya emajensi kabla hujawaachia laini. Vikate kweli, si taa ya skrini kubadilika rangi.

mtuwamita (Morogoro)

Nimemaliza wakuu. Imechukua saa 1 na dakika 10, meneja alikuja mara nne kuchungulia hakusema kitu.

Mambo matatu. Kile kiplastiki mzee ningekivunja chote, nilishakishika kwa koleo ndo nikakumbuka kusoma tena, Mungu akubariki. La pili, nilivyowasha bila hewa Q4.5 ilikuwa inawaka yenyewe nikiwa manyuo. Nikasimama. Kumbe sensa ya mwisho wa silinda ilikuwa na maji kwenye plagi, PLC inadhani silinda haijarudi inaendelea kuisukuma. Ingekuwa na hewa sijui. Nimekausha plagi ikazima. La tatu, zile koili za 18W nimeziwekea rilei na dayodi, za 4.8W zimeagizwa.

Emajensi nimejaribu zote tano, moja ya kwenye mlango wa kisukumio haikati kitu. Kontakti yake imeungwa kwa kipande cha waya nyuma, waya mpya mpya kabisa. Hakuna anayejua nani. Nimeutoa.

dada_otomesheni (Dar)

Huo waya umeupiga picha kabla hujautoa?

mtuwamita (Morogoro)

Nimeupiga, na nimeuweka kwenye bahasha pamoja na ile kadi iliyokufa, nimeiandika kwa maka peni MBOVU Q4.4 Q4.5 isije ikarudi stoo mtu akaifunga usiku. Vyote viko mezani kwa meneja. Fundi mkuu anarudi Jumatatu.